Kuchagua Ngoma za Mama

Mume wangu ni mtu mzuri, na tuanze hapo, maana nikianzia kwingine mtadhani nimekaa kumsema. Hanywi, hagombani na mtu, na viatu vyake huvipanga mlangoni jozi kwa jozi. Kosa lake ni moja: hajui kuchagua. Mtume sokoni akalete nyanya, atazigeuzageuza mpaka muuzaji amuulize kama anatafuta nyanya au mchumba. Mimi mwenyewe alinizungukia muda mrefu kiasi kwamba shangazi zangu walishaanza kunionea huruma.

Kazi yake ni kutengeneza muziki. Studio yake ni kile chumba cha nyuma ya duka letu la ushonaji, ambacho zamani kilikuwa stoo ya majora ya vitambaa. Kuta amezibandika magodoro makuukuu ili sauti isitoke nje, na juu ya magodoro akagongomelea vipande tunavyobakiza mimi na mama, kwa hiyo ukikaa humo unaweza kuyataja magauni ya nusu ya mtaa. Mna kompyuta, spika mbili, maikrofoni iliyovishwa soksi, na kibao chenye vitufe vya mpira. Akigonga kitufe kwa kidole, ngoma inalia.

Ngoma yenyewe haimo kwenye kibao. Imo kwenye kompyuta, ndani ya programu wanayoiita sampla. Nilivyoelewa mimi ni hivi: mtu alikaa mahali akapiga ngoma za kweli, wakanasa sauti ya kila pigo, wakaihifadhi. Wewe huku ukigonga kitufe, pigo la yule mtu linatoka vilevile alivyolipiga. Ni kama umemfungia mpiga ngoma kabatini, hali, halali, anangoja amri yako tu.

Sasa sampla zilikuwa mbili. Alizipata zote kwa majaribio, azitumie, aone ipi inamfaa, abaki na moja. Mtu wa kawaida angemaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Mume wangu alizihamishia nyumbani kama wake wenza.

Ya kwanza niliipa jina la Bibi Harusi. Ukiifungua unaona ngoma zimechorwa zinang'aa, zimepangwa tayari, kila moja na sauti yake iliyosafishwa, na matoazi yanalia chwaa kama mtu kamwaga vijiko. Ya pili niliiita Gunia. Rangi ya kijivu, picha hamna. Ndani yake ni visanduku vitupu, na wewe mwenyewe ndiye unayetupia humo sauti unayoitaka, iwe ya ngoma, ya mlango, hata ya mbuzi ukipenda.

"Bibi Harusi ana sauti tamu," aliniambia siku ya kwanza.

"Mchukue basi."

"Lakini Gunia linakupa uhuru."

"Chukua Gunia."

"Lakini Bibi Harusi ana sauti tamu."

"Mume wangu, mchagua jembe si mkulima."

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

"Na mchagua nazi hupata koroma," nikamwambia, nikarudi kwenye cherehani yangu kabla sijasema la kunifanya nilale bila kusemeshwa.

Ingekuwa ni kazi za wateja wake, ningemwacha azichague mpaka azeeke. Lakini wimbo aliokuwa anautafutia ngoma ulikuwa wa mama, na mama hakuwa na muda.

Mama yangu anapoteza masikio. Daktari alimpima, akatueleza kwa upole kwamba yanaondoka taratibu, sauti nyembamba zikitangulia, na kinachoondoka hakirudi. Akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa kikawa kinapiga mluzi, mama akakivua, akakitia kwenye kopo la vifungo, na humo ndimo kilipo mpaka leo. "Sikio la kufa halisikii dawa," huwaambia wanaomuuliza, halafu anacheka peke yake.

Siku ile tuliyotoka kwa daktari aliomba kitu. Naomba mnielewe, mama yangu si mtu wa kuomba. Ni mwanamke aliyejishonea gauni la harusi yake mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa mtu mwingine. Lakini siku ile alisimama mlangoni pa duka, ameshika ufunguo, akasema, "Nataka kuusikia ule wimbo wa baba yako, umepigwa kama muziki wa watu. Kabla masikio hayajafunga."

Baba alikuwa seremala. Meza yetu ya kukatia vitambaa aliitengeneza yeye, ya mbao nene, pana kiasi cha kulaza shuka zima. Jioni akitoka kwenye karakana yake, vumbi la msumeno likiwa bado kwenye nyusi, alikuwa anasimama upande wa pili wa ile meza, mama akiwa upande huu anashona, anaigonga meza kwa vifundo vya vidole na kiganja, na kuimba:

*Nifungulie mlango, mvua inaninyea,*
*sina koti, sina mwavuli, nina wewe tu.*

Naye mama, bila kuinua macho, anamjibu kwa kuimba:

*Ngoja kwanza, nakunja pindo.*

Basi, wimbo wote ndio huo. Baba aliutunga yeye mwenyewe, na hakuuimba popote ila pale mezani. Hatukuunasa mahali. Nani angehangaika kumrekodi mtu aliyekuwepo kila siku? Kisha siku moja hakuwepo, na wimbo ukabaki kwa watu wawili, mama na mimi.

Mume wangu aliposikia ombi la mama alisema, "Mama, niachie mimi," na nilimpenda upya pale pale. Sauti yangu aliinasa asubuhi moja, gitaa akalipiga mwenyewe jioni yake. Mimi nikajisemea, haya, tumemaliza. Ndipo akafika kwenye ngoma.

Inabidi niwaeleze kidogo kuhusu mama na mkwe wake. Hao wawili wanaheshimiana mpaka inachosha. Wakikutana mlangoni kila mmoja anarudi nyuma ampishe mwenzake, na mimi niliyebeba sufuria la moto nasimama kati nikiwasubiri. Yeye hamkatalii mama kitu. Mama naye hajawahi kumwambia neno moja lenye ukakasi, mwanamke huyohuyo ambaye mimi akinikuta nimeshona mkono wa blauzi umepinda ananiuliza kama nilikuwa nashona kwa miguu.

Kwa hiyo mume wangu alibuni utaratibu. Akimaliza kutengeneza ngoma kwa Bibi Harusi na kwa Gunia, anakuja dukani, anasimama mbele ya mama, anasema, "Mama, karibu studio." Mama anatua kazi, anajifuta vipande vya uzi, anajitanda khanga vizuri, anakwenda. Anakalishwa kwenye kile kiti kimoja chenye mto. Mkwe anamchezea wimbo kwa ngoma za kwanza, kisha kwa ngoma za pili. Mama anakaa wima, mikono magotini, anamtazama mkwe wake usoni, anatikisa kichwa kukubali.

"Nzuri sana, mwanangu."

"Na hii ya pili?"

"Na hii nzuri sana."

Hapo mume wangu anachanganyikiwa. Kama zote ni nzuri sana, basi tofauti ni ndogo, na kama tofauti ni ndogo, inabidi azinoe zaidi ionekane. Anarudi kunoa. Anaongeza matoazi, anaongeza mng'aro, anatafuta pigo kavu zaidi, lenye makali zaidi. Wiki inakatika. "Mama, karibu studio." Khanga, kiti, mto. Nzuri sana mwanangu, na hii nzuri sana.

"Lakini anasikia tofauti yoyote?" nilimuuliza siku moja.

"Anapima kwa makini mno," akaniambia. "Hujaona anavyonitazama?"

Nilikuwa nimeona. Niseme ukweli, na mimi nilidhani ni makini.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Ilikuwa mchana, dukani hamna mteja. Mama kaitwa, kakaa kwenye kiti. Mimi nilisimama mlangoni pa studio na pini mdomoni, maana nilikuwa katikati ya kubana gauni. Mume wangu akamchezea ngoma za Bibi Harusi. Nzuri sana, mwanangu. Akainama, akabonyeza, ukaanza wimbo wa Gunia.

Ila haukuanza. Kwenye kioo cha kompyuta ile mistari ya sauti ilikuwa inakimbia kama kawaida, lakini chumba kilikuwa kimya. Asubuhi alikuwa amefanya kazi kwa visikilizio vya masikioni, na waya wake ulikuwa bado umechomekwa, kwa hiyo sauti yote ilikuwa inakwenda kwenye visikilizio vilivyoning'inia msumarini. Mume wangu aligundua mara moja. Akanyoosha mkono auchomoe ule waya.

Mkono ukabaki hewani. Mama alikuwa anatikisa kichwa.

Alikuwa anatikisa polepole, macho kwenye uso wa mkwe wake, tabasamu lake lile la kanisani limetulia mdomoni. Alisikiliza ule ukimya mpaka mwisho. Mistari iliposimama kwenye kioo, naye akasimama kutikisa.

"Hii imezidi," akasema. "Hii ni nzuri kuliko zote."

Mimi nilikuwa na pini mdomoni, na nashukuru, kwa sababu zilinizuia. Mume wangu akateremsha mkono. "Ahsante, mama," akasema, taratibu sana, kisha akamshika kiwiko akamwinua kitini, akamsindikiza mpaka kwenye cherehani yake kama anasindikiza yai.

Tuliporudi studio tulifunga mlango. Nilizitoa zile pini mdomoni moja moja nikazichomeka ukutani.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Ningejulia wapi?"

Lakini kadiri nilivyosimama pale, mambo yalikuja yenyewe, nikawa namtajia moja moja. Siku hizi mteja akiingia, mama anamwonyesha kwangu kwa kidevu, nami nilidhani ananifundisha kazi. Akicheka, anacheka baada yetu. Na akishona, kiganja cha kushoto anakilaza juu ya kichwa cha cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya zamani. Nilidhani anapumzisha mkono. Kumbe anasikiliza. Cherehani ikikwama uzi, mtetemo hubadilika, naye anasimamisha mguu kabla mimi mwenye masikio mazima sijashtuka.

Nililia. Nilikaa kwenye kiti chenye mto nikalia, halafu hasira zikaja juu ya kilio, kama zinavyonijia siku zote. Nilimkasirikia mama kwa kumvika mkwe wake kilemba cha ukoka wiki zote hizo. Nilimkasirikia daktari kwa kusema taratibu. Na aliyekuwa karibu ni mume wangu.

"Umechagua mpaka masikio yameisha," nikamwambia.

Alikuwa anauviringisha ule waya kwenye vidole vyake, anauviringua, anauviringisha tena. Ningependa kusema nilijuta mara moja, lakini sikujuta, nilikuwa nimeumia na nilitaka mwenzangu aumie pia. Kwa jinsi alivyoinamisha uso, aliumia.

Kisha akainua kichwa. "Cherehani anaisikia kwa kiganja," akasema.

"Ndiyo nimekwambia."

"Kwa hiyo anasikia."

Akachomoa spika moja, akaibeba mikononi kama mtoto, akatoka. Mama alikuwa amekwenda kulala kidogo kama desturi yake ya mchana, duka tupu. Akailaza spika kifudifudi juu ya meza ya kukatia, akavuta waya mrefu mpaka studio. "Weka viganja," akaniambia. Nikaweka.

Akacheza Bibi Harusi. Masikioni ilikuwa tamu, sikatai. Lakini mezani, yale matoazi yote aliyoyanoa wiki na wiki hayakufika hata kidogo. Ile ngoma nzito ya chini ndiyo iliyogusa mbao kidogo, kama simu inayoita ndani ya mkoba wa mtu. Alikuwa amehangaika na kila sauti ambayo mama hawezi kuipata.

Mume wangu alizunguka meza, akasimama upande wa pili, akaipapasa.

"Baba yako alikuwa anaigongaje?"

Nikamwonyesha. Vifundo vya vidole, vifundo, vifundo, kisha kisigino cha kiganja, du. Meza ikaitika mpaka pini zikacheza kwenye kopo lake. Alinitazama kwa namna ambayo sijui kuieleza, akakimbia ndani, akarudi na maikrofoni.

Alininasa nikiigonga meza kila mahali. Katikati ambapo mbao ni nene, ukingoni, chini ya meza, kwenye mguu. Kwa vifundo, kwa kiganja, kwa ngumi. Kisha akajaribu kuzitia zile sauti kwa Bibi Harusi, naye akazikataa. Ngoma zake ni zake, hapokei wageni. Gunia lilimeza kila kitu. Kila pigo la meza likapata kitufe chake, mume wangu akazishusha sauti zake mpaka zikawa nzito, akagonga kitufe, na meza ikatetemeka chini ya viganja vyangu kana kwamba kuna mtu anaigonga kutoka ndani.

"Nimechagua," akasema, hivyo tu, kama mtu aliyechagua soksi.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, ya kumwambia mama. Mume wangu asingeweza; angeanza na "samahani mama" na angeishia hapo hapo. Kesho yake alasiri nilifunga nusu ya mlango wa duka, nikavuta kigoda mbele ya cherehani yake, nikakaa anione mdomo.

"Mama. Jana wimbo wa pili haukutoa sauti. Waya wa visikilizio ulikuwa umechomekwa."

Akanitazama. Akaushika mkasi, akauweka, akaupanga ulingane na ukingo wa meza.

"Kumbe," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza aliponiita studio. Nasikia kama mtu anaongea nyumba ya tatu. Wewe nakusikia kwa sababu una mdomo mkubwa."

"Mama, mbona hukusema?"

"Mtoto wa watu anahangaika kwa ajili yangu, nimwambie nini? Kwamba anampigia mbuzi gitaa?" Akatazama chini. "Na angeacha kuniita. Mimi napenda anavyokuja kuniita. Mama, karibu studio. Nani mwingine ananiita mahali siku hizi?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, jamani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Nilimshika tu mikono, ile mikono yake yenye ncha za vidole ngumu za sindano, na tukakaa hivyo mpaka pua zetu zikahitaji kitambaa, ambacho katika duka la ushonaji hakikosekani.

Kisha mume wangu akaja. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo, najua, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Akaja mbele ya mama kama siku zote.

"Mama," akasema, akitamka polepole, "leo usije studio. Leo studio imekuja."

Spika ilikuwa kifudifudi juu ya meza. Alimshika mama viganja, yeye ambaye hajawahi kumgusa zaidi ya kiwiko, akavilaza juu ya mbao. Akaucheza wimbo.

Niliuona ukifika. Kwanza mabega yalishtuka. Kisha mama akafanya kitu ambacho wiki zote zile hakukifanya, akafumba macho. Kule studio alikuwa hawezi kuyafumba, maana macho ndiyo yaliyokuwa yanasikiliza. Vidole vyake vilitanuka juu ya meza. Midomo yake ilikuwa inaimba maneno ya baba bila sauti, na kila neno lilikuwa mahali pake. Mume wangu hakuwa anapumua.

Ghafla mama akakunja uso. Akatoa mkono mmoja mezani.

"Hapana," akasema.

Mume wangu akasimamisha wimbo.

"Si nzuri," akasema mama. Akafumbua macho, akamtazama mkwe wake sawasawa. "Hapa mwanzo umepata. Lakini hapa mwisho, si nzuri hata kidogo. Mbona hunisubiri?"

Tukatazamana, mimi na mume wangu.

"Baba mkwe wako akishasema nina wewe tu, anagonga, halafu anainua mkono," mama akasema. "Hagongi tena. Mkono unakaa juu, ananitazama, mpaka nimalize pindo. Lile ninaloshona kweli. Likiwa pindo la gauni refu, yeye anangoja tu, mkono juu, kama mtu wa kuapishwa. Nikimaliza ndiyo namjibu, naye ndiyo anashusha. Wewe umegonga moja kwa moja. Nijibie wapi?"

Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu ule wimbo. Katika kumbukumbu yangu haukuwa na pengo lolote. Nilikuwa mtoto, nacheza na vipande vya vitambaa chini ya ile meza, na ile subira nilidhani ni mama tu anachelewa. Sikujua kwamba ilikuwa sehemu ya wimbo. Ilikuwa yao wawili, juu huko.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Mume wangu alikuwa anang'aa. Alinishika mkono chini ya meza akaubana mpaka ukauma. "Amesema si nzuri," akaninong'oneza. "Umesikia? Mama amesema si nzuri."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Mama," akasema kwa sauti, "nionyeshe."

Mama akamwonyesha, kwa vifundo na kiganja, naye akafuata kwa vitufe. "Nzito kidogo." Akafanya nzito. "Sasa umezidisha, hiyo ni kama unavunja mlango." Akapunguza. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kukosolewa kama yule. Lakini lile pengo lilikuwa linamsumbua. Aliuliza lilikuwa refu kiasi gani, na mama akacheka.

"Nitajuaje? Kiasi cha pindo."

Wimbo uliorekodiwa hausubiri mtu. Ukiweka pengo fupi, pindo likiwa refu utampita. Ukiweka refu, siku ya pindo fupi atabaki anangoja yeye. Nilidhani hapo sasa ataanza tena kuchagua, pengo hili au lile, na tutazikwa nalo. Badala yake aliikata sauti yangu vipande, akavitupia kwenye Gunia pamoja na meza na gitaa, kila mstari kitufe chake. Kisha akachukua kile kibao, akazunguka, akasimama upande wa pili wa meza, pale alipokuwa anasimama baba.

"Mama, shona," akasema.

Mama akavuta gauni lililokuwa karibu. Lilikuwa la bi harusi wa kweli, pindo lake linazunguka kama uwanja. Kiganja kimoja akakilaza mezani, kile kingine kikaongoza kitambaa, mguu ukaanza. Mume wangu akagonga. Meza ikaitika, sauti yangu ikaomba mlango ufunguliwe, ikasema haina koti, haina mwavuli, ina yeye tu. Vifundo, vifundo, vifundo.

Akainua mkono.

Cherehani iliendelea. Mama hakuinua macho. Alishona upande wa mbele, akageuza, akashona upande wa nyuma, akarudi kuhakikisha kona, akanyoosha kwa kucha mahali ambapo mimi naapa palikuwa pamenyooka tayari. Mtu alichungulia kwenye nusu ya mlango iliyo wazi, akatuona, akaondoka polepole. Mume wangu alisimama mkono juu. Ulipochoka, akaushikilia kwa ule mwingine.

Mama akakata uzi kwa meno. Akalikunja gauni. Ndipo akaimba, kwa sauti kubwa kupita kiasi na nje kidogo ya sauti ya wimbo, kama wanavyoimba wasioisikia sauti yao:

*Ngoja kwanza, nakunja pindo.*

Na mkono ukashuka.

Ule wimbo mpaka leo haujakamilika. Wateja wake wanamuuliza uko wapi, wausikie, anawaambia bado anautengeneza. Kila alasiri anakuja dukani, anasimama mbele ya mama, anasema, "Mama, niko tayari," naye mama anatafuta pindo. Siku hizi hata blauzi fupi anaanza nayo mbali. Mimi naketi na cherehani yangu katikati yao, kazi zimenijaa mapajani, namtazama mume wangu na mkono wake juu, na simwambii aharakishe.